Sare za Chui zina sababu, tuache kuziita bahati mbaya

Ndugu Mhariri,

Tangu usiku wa tarehe 6 Januari 2026, pale Rabat, kwenye CAN (Kombe la Mataifa ya Afrika), Adil Boulbina wa Algeria alipowafunga Chui, timu yetu ya taifa ya Kongo (DRC), katika dakika ya 119, maneno yanayosikika zaidi hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Ruashi, ni "bahati mbaya". Watu wanasema ilibaki dakika moja tu tufike kwenye penalti, na kwenye penalti tungewamaliza. Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge maneno hayo. Timu inayocheza dakika 119 bila goli imejiweka yenyewe mahali ambapo shuti moja la mtu mmoja linaweza kuifukuza mashindanoni. Chui wetu wamekuwa wakijiweka mahali hapo kwa miaka mingi, na sababu zake zinaonekana uwanjani kwa yeyote anayetazama mpira kwa makini.

Hesabu yenyewe kila mtu anaweza kuihakiki. Kwenye CAN ya 2013, Afrika Kusini, tulitoka 2-2 na Ghana baada ya kuwa nyuma 0-2, tukatoka 0-0 na Niger, kisha 1-1 na Mali. Sare tatu, pointi tatu, tukarudi nyumbani. Mwaka 2015, Guinea ya Ikweta, ikawa 1-1 na Zambia, 0-0 na Cape Verde, 1-1 na Tunisia. Sare tatu tena, ila safari hiyo tulipita, kwa kuwa Cape Verde nao walikuwa na sare tatu na walikuwa wamefunga goli moja wakati sisi tumefunga mawili. Kisha CAN ya 2023, iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania. Makocha walikuwa watatu tofauti, Claude Le Roy, Florent Ibenge na Sébastien Desabre, na wachezaji karibu wote walikuwa wamebadilika. Jambo linalojirudia hivyo chini ya makocha watatu haliwezi kuitwa bahati. Wala si laana, maana mwaka 2017 kule Gabon tuliwafunga Moroko 1-0 na Togo 3-1, tukatoka 2-2 na Côte d'Ivoire, tukaongoza kundi. Kushinda tunajua.

Nitakaa zaidi kwenye mashindano ya Côte d'Ivoire, kwa sababu watu wengi wanayakumbuka kama ushujaa mtupu. Tulifika nusu fainali, na mimi siwanyang'anyi vijana heshima hiyo. Lakini tulicheza mechi saba, na ndani ya muda wa mchezo tulishinda moja tu, ile ya Guinea. Mechi tano ziliisha kwa kufungana au bila goli, moja tulipoteza. Magoli yetu yote yalikuwa sita, na matatu kati ya hayo yalipatikana katika mechi hiyo moja ya Guinea. Kwa hiyo mechi nyingine sita zilituzalia magoli matatu tu. Nyuma tuliruhusu matano katika mechi saba, na hayo ni mavuno ya timu yenye ukuta mzuri. Shida yetu iko mbele, katika mita thelathini za mwisho.

Mechi ya kwanza, dhidi ya Zambia pale San Pédro, inafundisha mengi. Watu wa huku walikuwa na hamu nayo kuliko mechi nyingine yoyote ya kundi, maana Zambia ni jirani wa mlango kwa mlango, toka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni mwendo mfupi wa gari. Goli lao la dakika ya 23 lilianza kwa kipa wetu Lionel Mpasi kutoka nje ya eneo lake kwenda kuuwahi mpira, kuuondoa vibaya, na Kings Kangwa akaupiga kutoka mbali ukaingia lango likiwa tupu. Wengi walimlaumu Mpasi peke yake. Lakini kipa hutoka vile pale ambapo mabeki wamepanda juu na hakuna aliyebaki kufunika mpira mrefu. Ukitaka mabeki wa kati wakae karibu na mstari wa katikati, lazima mmoja wa viungo wakabaji abaki nyuma kila timu inaposhambulia, na lazima mwenye mpira upande wa pili abanwe asipate muda wa kuinua kichwa. Kimoja kikikosekana, kipa ndiye anaachiwa kuchagua, na kipa anayechagua akiwa mita thelathini nje ya lango lake hana chaguo zuri. Dakika nne baadaye Yoane Wissa alisawazisha. Tulikuwa na zaidi ya saa nzima ya kutafuta goli la pili. Halikuja.

Dhidi ya Moroko tulifungwa mapema, dakika ya 6, Achraf Hakimi akiunganisha mpira wa kona. Hapa pana somo lile lile la kona ambalo kila kocha wa mtaani analijua lakini wachezaji wanalisahau: kona haitazamwi kwa kufuata mpira tu, inatazamwa pia kwa kuuliza nani amesimama peke yake nje ya msongamano. Tulipata penalti dakika ya 42, Cédric Bakambu akagonga mwamba. Silas Katompa akatoka benchi na kusawazisha dakika ya 76. Sare hiyo naiheshimu, maana Moroko walikuwa wametoka kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2022. Siiheshimu ile ya Tanzania. Kwa 0-0 pale Korhogo tulipita na pointi tatu tukiwa wa pili, nyuma ya Moroko wenye saba, Zambia na Tanzania wakiwa na mbili mbili. Goli moja la Tanzania usiku ule lingetutoa mashindanoni. Tulicheza tukiwa tunaridhika na matokeo ambayo kosa moja la beki lingeyageuza.

Sasa mechi ya Misri, raundi ya 16 bora, tarehe 28 Januari 2024. Ilianza saa nne za usiku kwa saa za Lubumbashi, kwa hiyo ilipoisha ilikuwa imeshapita saa sita na nusu, na watu bado walikuwa wamejazana kwenye manganda, baa zetu za mtaani, wakati kesho yake ilikuwa Jumatatu ya kazi. Meschack Elia, kijana aliyekulia mpira wake katika klabu ya Mazembe hapa mjini na aliyeng'ara kwenye CHAN (kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani) ya 2016 tuliyotwaa kule Rwanda, alifunga dakika ya 37. Mostafa Mohamed akasawazisha kwa penalti kabla ya mapumziko. Jambo ninalotaka lizungumzwe zaidi lilitokea dakika ya 97, pale Mohamed Hamdy wa Misri alipopewa kadi nyekundu. Tulibaki na zaidi ya dakika 20 za kucheza kumi na mmoja dhidi ya kumi, na hatukufunga.

Hili si jambo la Kongo peke yake, timu nyingi hukwama mbele ya watu kumi. Timu iliyopungukiwa mtu hurudi nyuma ikapanga mistari miwili ya watu wanne wanne na kumwacha mmoja mbele. Nafasi kati ya mistari hiyo inabana, na upana wa uwanja wanaoulinda hauzidi sana upana wa eneo la hatari, ambao ni mita 40 na kidogo. Timu yenye watu kumi na mmoja ikikosa subira huanza kupiga krosi za juu kutoka mbali, mita 30 au 35 kutoka lango. Krosi hizo ni chakula cha mabeki warefu na kipa, kwani wanaziona zikija, wana muda wa kujipanga, na wanaruka wakitazama mbele. Kila krosi ya namna hiyo inawapa wapinzani pumzi ya nusu dakika.

Dawa inajulikana. Kwanza, mpira uhamishwe upande mmoja hadi mwingine kwa pasi mbili au tatu za haraka, si kwa pasi sita za polepole, ili mstari wa watu wanne ulazimike kukimbia. Pasi ya polepole inawaruhusu kutembea. Beki wa pembeni wa upande wa pili awe tayari amepanda na amesimama karibu kabisa na mstari wa pembeni, akisubiri. Mpira ukimfikia, asipige krosi pale pale, asukume hadi mstari wa mwisho, kisha aurudishe chini, nyuma kidogo, kuelekea eneo la penalti. Mpira unaorudi nyuma humkuta beki anakimbia kuelekea lango lake mwenyewe, na hapo ndipo makosa hutokea. Wakati huo huo watu wawili wasimame ukingoni mwa eneo la hatari kwa ajili ya mpira unaookolewa vibaya, maana mbele ya watu kumi magoli mengi hutokana na mpira wa pili. Na kiungo mkabaji mmoja atolewe, aingie mshambuliaji. Dhidi ya timu iliyoacha mtu mmoja mbele, mabeki wawili wa kati na kiungo mmoja wanatosha kabisa kulinda. Kuendelea na viungo wakabaji wawili ni kumrudishia mpinzani yule mtu aliyempoteza.

Kuhusu kubadilisha wachezaji kuna jambo la kanuni ambalo linasahaulika katika mabishano. Kila timu ina wachezaji 5 wa kubadilisha ndani ya dakika 90, lakini mchezo unaweza kusimamishwa kwa ajili hiyo mara 3 tu, mbali na mapumziko. Mashindano mengi makubwa huongeza mmoja wa sita muda wa nyongeza unapoanza. Kocha anayetumia nafasi zake zote tatu kabla ya dakika ya 80, mmoja mmoja, anajifunga mikono. Kocha anayengoja hadi dakika ya 85 anawapa walioingia muda mfupi mno wa kuuzoea mwendo wa mchezo. Wakati mzuri wa kuingiza washambuliaji wapya ni kati ya dakika ya 60 na 70, wawili kwa pamoja, ili mabeki waliochoka wakutane na watu wawili wenye pumzi mpya kwa mara moja. Silas aliyewafunga Moroko dakika ya 76 alitoka benchi. Boulbina aliyetufunga sisi dakika ya 119 naye alitoka benchi. Atakayebishana na hilo arudie kuzitazama mechi hizo mbili.

Dhidi ya Misri tulifika kwenye mikwaju, tukashinda 8-7. Baada ya mikwaju minane kila upande ilikuwa 7-7, kila timu imekosa mmoja, ikafika zamu ya makipa. Gabaski wa Misri akagonga mwamba wa juu. Mpasi akaweka mpira, akapiga, ukaingia. Tangu hapo watu wetu wanaamini kwamba penalti ni zetu. Tuzihesabu basi za CAN tangu 1998. Mwaka huo tulipata nafasi ya tatu kwa 4-1 dhidi ya Burkina Faso, baada ya kurudi kutoka 1-4 hadi 4-4. Mwaka 2015 tulipata tena ya tatu kwa 4-2 dhidi ya Guinea ya Ikweta, Robert Kidiaba akiwa langoni. Mwaka 2019 Madagascar walitutoa 4-2. Mwaka 2024 tukawatoa Misri, na siku kumi na tatu baadaye tukaipoteza nafasi ya tatu mbele ya Afrika Kusini 6-5. Tumeshinda mara tatu na kupoteza mara mbili. Ni rekodi ya kawaida kabisa, na timu haiwezi kuipanga mechi nzima juu yake.

Tena siku ile ya Afrika Kusini tulijua tunakutana na nani. Ronwen Williams alikuwa ameokoa mikwaju minne ya Cape Verde katika robo fainali tarehe 3 Februari, wiki moja kamili kabla. Mechi ya nafasi ya tatu haina muda wa nyongeza. Ikiisha dakika 90 bila mshindi mnaenda moja kwa moja kwenye mikwaju. Kwa hiyo kila mtu alijua tangu asubuhi kwamba 0-0 ingetupeleka mbele ya yule yule Williams, kipa aliyekuwa moto kuliko wote katika mashindano hayo. Tukacheza 0-0. Williams akaokoa tena.

Kwa kuwa tunazipenda sana penalti, tuzijue vizuri. Alama iko mita 11 kutoka mstari wa goli. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mpira uliopigwa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa unafika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Muda huo haumtoshi kipa kuona mpira umeelekea wapi, kisha kuamua, kisha kuruka hadi karibu na mwamba. Ndiyo maana kipa anasoma mwili wa mpigaji kabla mguu haujagusa mpira: mguu wa kusimamia umeelekea wapi, nyonga imefunguka au imefunga, mbio ni za moja kwa moja au za kukata pembe. Kanuni inamtaka awe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli, sawa nao, au nyuma yake wakati mpira unapigwa. Akitangulia kutoka na akaokoa, mkwaju unarudiwa na yeye anaonywa. Mpigaji anaruhusiwa kuzubaisha wakati anakimbia, lakini akishafika kwenye mpira na kumaliza mbio, kuzubaisha ni kosa la kadi ya njano na mkwaju wake haurudiwi.

Makosa ya wapigaji nayo yanajulikana. La kwanza ni kubadilisha mawazo katikati ya mbio. Miguu inaenda upande mmoja na mwili mwingine, mpira unatoka dhaifu, katikati ya urefu wa lango, kimo cha kiuno, pahali ambapo kipa anapafikia kwa mkono bila hata kunyooka sawasawa. La pili ni haraka. Filimbi inalia na mpigaji anakimbia papo hapo, kana kwamba mpira utaondolewa. Hakuna sheria inayomlazimisha kupiga sekunde ile ile ya filimbi. Avute pumzi, achague kona, asiitazame tena. La tatu ni uchovu. Msuli wa paja uliochoka baada ya dakika 120 hauinui mpira kama ulivyouinua asubuhi mazoezini, au unauinua kupita kiasi. Kwa hiyo kufanya mazoezi ya penalti mwanzoni mwa mazoezi, miguu ikiwa mipya, kunamfundisha mtu kitu ambacho hatakihitaji. Zipigwe mwisho kabisa, baada ya mbio, mkwaju mmoja tu kwa kila mchezaji kwa siku, wenzake wakiwa wamesimama kwenye mstari wa katikati, yeye akitembea peke yake zile mita arobaini na moja na ushei hadi kwenye alama. Mikwaju kumi mfululizo haifundishi kitu, maana mechini unapata mmoja.

Benchi letu limeonyesha kwamba linajua kazi hii linapotaka. Tarehe 16 Novemba 2025, Rabat, katika fainali ya mchujo wa Afrika wa Kombe la Dunia dhidi ya Nigeria, mechi ilipokuwa 1-1 muda wa nyongeza ukikaribia kuisha, Desabre alimtoa Mpasi akamwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya mikwaju. Tukashinda 4-3, nahodha Chancel Mbemba akipiga wa mwisho. Ili ufanye vile lazima uwe umebakiza nafasi ya kubadilisha, na kipa wa pili awe ameambiwa siku kadhaa kabla, si dakika ya 115, ili awe amewasoma wapigaji wa upande wa pili. Hiyo ilikuwa kazi iliyopangwa, na niliifurahia sana. Lakini siku tatu kabla, tarehe 13, Mbemba huyo huyo aliwafunga Kamerun katika dakika za majeruhi, 1-0, baada ya kona. Mimi naichukua ile ya Kamerun kuwa bora kuliko ile ya Nigeria. Pale tulienda kulitafuta goli hadi tukalipata.

Turudi kidogo kwa Guinea, robo fainali ya tarehe 2 Februari 2024, Abidjan, ushindi wetu pekee wa mashindano yale. Tulifungwa kwanza kwa penalti ya Mohamed Bayo dakika ya 20. Mbemba, beki, akasawazisha dakika ya 27. Wissa akafunga kwa penalti dakika ya 65, na Arthur Masuaku kwa mpira wa adhabu dakika ya 82. Angalia waliofunga: beki wa kati, winga kwa penalti, beki wa pembeni kwa mpira uliosimama. Hakuna goli la mshambuliaji wa kati katika mchezo wa kawaida. Bakambu namheshimu sana, anakimbia, anabana, anafungua nafasi kwa wenzake, na aliwafunga Senegali Desemba 2025. Lakini mara nyingi tunamwacha peke yake kati ya mabeki wawili, huku kiungo mshambuliaji akiwa amerudi nyuma kuufuata mpira. Mpira ukifika pembeni, ndani ya eneo la hatari kuna chui mmoja na watu wanne wa kumlinda. Wakiwa watatu, mmoja mwamba wa karibu, mmoja mwamba wa mbali na mmoja kwenye alama ya penalti, mabeki hawawezi kuwafunika wote bila kumwacha mtu. Hilo ni jambo la kuhesabu tu: kila krosi inapopigwa, hesabu jezi zetu ndani ya eneo. Zikiwa chini ya tatu, krosi hiyo isingepigwa.

Nusu fainali tulipoteza 1-0 kwa Côte d'Ivoire, Sébastien Haller akiupiga mpira ukadunda chini na kumpita Mpasi juu, dakika ya 65. Juu ya mechi hiyo nitasema jambo moja tu lisilo la ufundi. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani, kwa ajili ya ndugu zetu wa mashariki wanaouawa dunia ikinyamaza. Goma na Bukavu waliwaona. Kwa hilo kikosi kile hakitasahaulika, hata kingefungwa sita.

Kwenye CAN ya Moroko, Desemba 2025 na Januari 2026, tulianza vizuri kuliko wakati wowote wa karibuni: 1-0 na Benin kwa goli la Théo Bongonda, 1-1 na Senegali, 3-0 na Botswana. Pointi saba. Lakini Senegali nao walikuwa na saba, na kwa kuwa sisi na wao tulitoka sare, ikaamuliwa kwa tofauti ya magoli: wao sita, sisi nne. Kwa magoli mawili tukawa wa pili tukapewa Algeria, na Senegali wakapewa Sudan, wakawafunga 3-1. Yako wapi hayo mawili? Moja liko kwenye mechi ya Benin, tulipofunga dakika ya 16 kisha tukakaa juu ya 1-0 zaidi ya saa nzima. Jingine liko kwenye mechi ya Senegali yenyewe, tulipoongoza kwa goli la Bakambu dakika ya 61 na kusawazishiwa na Sadio Mané dakika ya 69, dakika nane tu. Na Septemba 2025 pale Kinshasa Senegali hao hao tuliwaongoza 2-0 wakaturudia hadi 2-3, tukapoteza nafasi ya kwanza ya kundi la Kombe la Dunia. Dakika kumi baada ya kufunga ndizo timu yetu inazolegea zaidi: mstari wa mabeki unashuka hatua mbili, viungo hawashuki nao, na katikati pale panabaki uwazi wa mita kumi na tano ambao Senegali wanajua kuutumia.

Halafu ikaja Algeria. Tulilinda vizuri dakika 118, na sikatai. Katika mechi nne za mashindano tuliruhusu magoli mawili tu. Lakini magoli matano tuliyofunga, matatu yalikuwa ya Botswana. Kadiri muda wa nyongeza ulivyosonga ndivyo jezi zetu zilivyozidi kurudi nyuma, mikwaju ikisubiriwa kama haki yetu. Boulbina alipopata mpira upande wa kushoto, akakata kuingia ndani kwa mguu wa kulia na kuuzungusha kona ya mbali, aliyekuwa anamkabili alibaki peke yake. Winga wa namna hiyo hukabiliwa na watu wawili, mmoja akimfungia njia ya ndani na mwingine akimsukumia nje. Katika dakika ya 119 mtu wa pili ni kiungo aliyechoka, na kwa hiyo ni mtu ambaye alipaswa kuwa ameshabadilishwa.

Nimsifu pia Michel Kuka Mboladinga, aliyesimama jukwaani bila kutikisika mechi zote, mkono juu, mfano wa Patrice Lumumba. Kwa sisi wa Lubumbashi lilikuwa jambo zito, maana ni karibu na mji huu ambako Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961.

Wazee watakumbusha kwamba mwaka 1974, tulipotwaa kombe kule Misri, fainali haikuamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, tukashinda 2-0, na Ndaye Mulamba alifunga magoli yote manne ya mechi hizo mbili kati ya tisa aliyofunga katika mashindano. Na Englebert yetu, Mazembe ya leo, ilipochukua kombe la vilabu la Afrika mwaka 1967, ilitoka 1-1 na 2-2 na Asante Kotoko, na kombe likaja huku kwa kuwa wenzao hawakufika kwenye mechi ya marudiano. Zamani zile sare ilikulazimisha kucheza tena hadi upate goli.

Kwa gazeti lako nina ombi. Mechi za Chui zinapoandikwa, tunapata matokeo, wafungaji na maneno ya kocha. Tuandikieni pia dakika ambayo kila mchezaji wa akiba aliingia na nani alitoka, kona zetu zilikuwa ngapi na ngapi zilifika kichwani kwa mtu wetu, nani alipiga kila penalti na upande gani, na kila goli tulilofungwa lilikuja dakika ngapi baada ya letu. Ni mistari sita au saba chini ya habari, na kwa mashindano yajayo wasomaji watakuwa na kitu cha kubishania badala ya bahati.

Wako katika mpira,
Mpenzi wa Chui,
Kamalondo, Lubumbashi